Malipo ya Turubai

Turubai lilikuwa na uzito wa kilo arobaini na tano, na mpelelezi alilijua hilo kwa sababu lilikuwa limemshinda. Aliliinua hadi magotini, akaenda nalo hatua tatu, kisha likamponyoka na kuanguka puu, vumbi likamrukia viatuni.

"Pole, afande," msimamizi wa yadi alisema, akicheka kwa adabu. "Na hapo hujapanda nalo juu ya mzigo."

"Wao hupandaje?"

"Wanaliweka begani, wanakwea ngazi. Wakinikuta na forklifti nawanyanyulia. Wasiponikuta, kila mtu na mgongo wake."

Mpelelezi alijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa kupaza sauti. Wenzake kituoni walizoea kusema kwamba ukikaa naye chumba kimoja utadhani uko peke yako, mpaka akuulize swali.

Mbele yao lilisimama tela refu lisilo na kuta, sakafu tupu juu ya magurudumu. Kwa maandishi ya jalada, mambo yalikuwa mepesi. Jumamosi mchana, dereva aliyeitwa Kobe na kila mtu, hata na mkewe, alipakia mabati kiwandani, na juu ya mabati, katikati ya tela, paleti mbili za waya wa shaba, kila paleti mabunda sita. Alifunika kwa maturubai mawili, moja mbele na moja nyuma, akauleta mzigo hapa yadini ukalala hadi Jumatatu, kwa kuwa mpokeaji hafungui Jumapili. Jumatatu saa tano asubuhi mpokeaji alifunua, akakuta shaba haipo. Mahali pake zilipangwa paleti tupu, moja juu ya nyingine hadi kimo kilekile, ili turubai lisibonyee. Kamba zote zilikuwa zimekazwa, na kila fundo lilikuwa la Kobe.

"Fundo ni kama sahihi ya mtu," msimamizi alisema. "Kobe anazungusha mkia wa kamba mara mbili, halafu anaurudisha chini. Wenzake humtania, 'Kobe, mzigo hauna miguu, hautatoroka.'" Akatikisa kichwa. "Kumbe una miguu."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, na wanangu. Jumapili hapa ni mlinzi peke yake." Akashusha sauti. "Sipendi kumchongea mtu, afande. Lakini ulishaambiwa mlinzi ni nani kwa Kobe?"

"Sijaambiwa."

"Shemeji mtu. Mke wa Kobe ni dada yake mlinzi, tumbo moja."

Mpelelezi aliandika. Alipoinua macho, msimamizi alikuwa amekwenda nyuma ya forklifti, anakaza kamba ya turubai jipya la kijani lililofunika rundo la paleti.

"Hizo ni za nini?"

"Chakavu. Za kuni tu."

Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Kando ya ukuta, marundo matatu ya mbao mpya yalikuwa wazi. Mpelelezi aliyatazama, akafunga daftari. Kobe alikuwa mahabusu tangu Jumanne bila kutamka neno, na kesho saa tatu angepandishwa kizimbani. Mtu asiyejitetea hufungwa upesi.

*

Mlinzi alikuwa mtu mkubwa ndani ya kibanda kidogo. Alisimama kwa kusaidiwa na meza, goti lake la kulia likalia kama mlango.

"Karibu, afande. Kiti ni hicho hicho kimoja, kaa wewe."

"Asante, nitasimama. Naomba daftari la geti."

Alifungua kurasa za nyuma kwanza. Mwandiko wa mlinzi ulikuwa wa mtu anayefurahia kuandika. Jumapili moja aliandika kwamba mama mmoja amepita kuuliza njia. Nyingine, paka wa jirani kaingia saa nne, katoka saa saba, kashiba. Kisha ikaja Jumapili ya mwisho. *Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyetoka.* Kalamu ilikandamizwa hadi karatasi ya chini ikapata alama.

"Kwa kawaida unaandika hata paka."

"Napenda kumbukumbu."

"Jumapili hii hata paka hukumwandika."

"Paka hakuja."

Mpelelezi alimngoja. Mlinzi akaanza kupanga vikombe viwili ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Kabla ya ulinzi ulikuwa na kazi gani?"

"Utingo. Miaka sita, tena na huyohuyo Kobe. Tukipanda juu ya mizigo pamoja mpaka goti likakataa." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilainika. "Mimi ndiye niliyempeleka nyumbani akamwona dada. Ningejua ni mchoyo wa maneno hivi ningemtafutia dada msemaji."

"Kobe ameiba?"

Uso ukafungwa tena. "Afande, shemeji ni shemeji."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

*

Ofisi ya malipo ilikuwa juu ya karakana, na sakafu yake ilitetemeka kila nyundo ilipogonga chini. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliposikia jina la Kobe aliguna.

"Huyo? Huyo kanizeesha. Wengine wakija ofisini wananiuliza hali, yeye ananiuliza malipo ya turubai."

"Hulipwa mbali na mshahara?"

"Ndiyo, kila mzigo unaofunikwa." Akamwonyesha kiwango kwa ncha ya kalamu.

Mpelelezi alisoma mara mbili. "Hii ni kwa turubai moja?"

"Kwa mzigo mzima, mwanangu. Haifiki bei ya jozi ya glavu anazochana kwa kamba. Vijana wengine wanafunika kwa saa moja wanaondoka. Yeye saa mbili, anazunguka, anapapasa, anarudi tena. Ndiyo asili ya jina. Mwaka juzi upepo ulimbeba na turubai lake, akaanguka, bega likachomoka. Aliporudi kazini jambo la kwanza aliloniuliza unalijua."

"Mlimlipa?"

"Hakuwa na picha." Karani alivua miwani. "Utaratibu unataka picha. Ipigwe kabla gari halijatoka mahali pa kupakia, mzigo wote uonekane, na namba ya tela isomeke. Namba isiposomeka, ombi linakataliwa. Si mimi, jamani. Mimi nagonga muhuri tu."

"Na zinazokataliwa huenda wapi?"

Karani alivuta sanduku la viatu kutoka chini ya meza. Ndani yake, za Kobe peke yake zilikuwa ishirini na saba, zimebanwa kwa mpira. Ya juu kabisa ilikuwa ya Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana.

"Hii kosa lake nini?"

"Tazama pembeni. Kidole chake kimeziba namba."

Ilikuwa kweli. Dole gumba lilijaa kona ya picha kama kiazi. Lakini sehemu iliyobaki ilikuwa safi kabisa, mzigo wote kutoka kichwa hadi mkia. Mpelelezi alitoa kwenye jalada picha ya pili, aliyoipiga mpokeaji Jumatatu kabla ya kufunua, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Tela lilelile, mafundo yaleyale, kamba moja tu imezidi katikati. Alizitazama hadi nyundo chini ikanyamaza na kuanza tena.

"Mama," alisema, "hebu nisaidie macho. Hapa katikati, maturubai yanapokutana. Unaona nini kwenye picha ya Jumamosi?"

Karani alirudisha miwani. "Kiraka. Cha buluu. Kwenye ukingo wa turubai la mbele."

"Na Jumatatu?"

Karani aliinamia meza, akapeleka kidole huku na huku. "Hakipo."

"Turubai lingine limekifunika," mpelelezi alisema. Bado hakujua maana yake. Alijua tu nani angejua. "Naomba kuichukua hii."

"Chukua. Si imeshakataliwa?"

*

Kobe alikuwa mtu mfupi wa umri wa kukaribia kustaafu, mikono imepasuka kama udongo wa kiangazi. Blanketi la mahabusu alikuwa amelikunja pembe kwa pembe, sawasawa kama kitabu. Mpelelezi aliziweka picha mbili mezani bila kusema neno.

Kobe alizitazama. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye kiraka cha buluu, kikatulia hapo. Kisha akaitazama ya pili, akafumba macho.

"Zote mbili ni kazi yako?"

Kobe aliisukuma ya pili mbali naye.

"Basi nitaandika kwamba hata hii ya pili ni kazi yako." Akafungua kalamu.

"Usiandike hivyo."

Sauti ilitoka na kutu. Mpelelezi aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu.

"Nifundishe tofauti," alisema.

Kobe alisugua bega lake. "Ukiezeka nyumba kwa mabati, afande, unaanzia juu au chini?"

"Chini."

"Kwa nini?"

"Ili bati la juu lilalie la chini, maji yapite."

"Sasa upepo wa barabarani ni kama maji, ila unatoka mbele. Unatandika turubai la nyuma kwanza, halafu la mbele linalilalia, upepo unapita juu. Ukigeuza, umeufungulia upepo mdomo. Ukikolea mwendo tu, unaingia, unavimba, unachana. Hata mtoto wa utingo anajua." Aligonga picha ya Jumatatu. "Hii imegeuzwa. Huyu alifungua katikati tu, akatoa alichotaka, akarudisha la mbele kwanza."

"Jumatatu asubuhi uliliona hilo?"

"Niliona. Na kamba za katikati zilifungwa ovyo. Nikadhani wamefungua kuhesabu mzigo." Aliinamisha kichwa. "Kulirekebisha ni saa nzima, na bega hili. Mpokeaji ukichelewa unapoteza foleni mpaka kesho yake. Kupanda mara ya pili hakulipwi. Hata ya kwanza silipwi. Nikazifunga upya zile kamba kwa fundo langu, nikapitisha kamba moja ya ziada juu ya kiungo, nikaenda polepole. Miaka ishirini na mbili, afande. Sijawahi kutoka na turubai limegeuka. Siku moja tu nimetoka nalo, ona."

"Kwa hiyo ulijua wewe si mwizi, na ulikuwa na ushahidi. Ukakaa kimya siku tatu."

Kobe alizisogeza picha zikalingana ukingo kwa ukingo.

"Kwa sababu Jumapili yadini kuna mtu mmoja tu."

"Mimi sijataja jina la mtu."

"Hujataja. Nakuuliza jambo jingine. Utingo wako wa miaka sita, nani alimfundisha kufunika?"

"Mimi."

"Ulimfundisha aanzie wapi?"

Macho ya Kobe yalirudi kwenye picha, na mpelelezi alimwacha afike mwenyewe.

"Nyuma," alisema mwishowe, polepole. "Nyuma kwanza. Alikosea siku moja nikampiga kofi la kisogo. Hakurudia." Akashika ukingo wa meza. "Hawezi. Hata akiwa mwizi, mikono yake haiwezi. Afande…"

"Bado," mpelelezi alisema. "Lazima niione hiyo mikono."

*

Saa tisa alasiri aliwakusanya yadini. Juu ya tela yalipakiwa marobota machache kwa kusudi hilo, na maturubai mawili ya kampuni yakawekwa ardhini. Koplo mmoja alisimama getini, mwingine kwenye ngazi.

"Nahitaji kuona mzigo unavyofunikwa, kwa ajili ya jalada," mpelelezi alisema. "Mmoja mmoja. Mlinzi, anza wewe. Msimamizi, nisubiri ofisini kidogo, tafadhali."

Mlinzi alilalamikia goti, akalilalamikia jua, kisha akaanza, koplo wa kwenye ngazi akimsaidia kunyanyua. Alilipita turubai lililokuwa karibu naye bila kulitazama, akachechemea hadi mwisho wa tela na kuanzia huko. Alipomaliza na la nyuma ndipo akalirudia la mbele, akalivuta, akalilaza juu ya ukingo wa lile la kwanza. Hakusita popote. Mpelelezi alisema asante, makoplo wakayashusha maturubai yote mawili.

Zamu ya msimamizi ilikuwa ya kupendeza kutazama. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akapanda forklifti na kulinyanyua turubai la mbele kama anayeinua mtoto. Akalitandaza, likakaa. Kisha la nyuma, akalivuta mpaka likalilalia la mbele kwa hatua nzima. Dakika kumi na tano, kamba na yote.

"Upesi," mpelelezi alisema. "Mbona umeanzia mbele?"

"Forklifti ilikuwa mbele." Alikuwa anajipangusa jasho kwa leso. "Kwani kuna tofauti? Kufunika ni kufunika."

Mlinzi aliangua kicheko. "Kufunika ni kufunika! Bosi, wewe umezoea kufunika vitu visivyokwenda popote. Ukitoka na hilo barabarani, kabla hujafika kona ya pili nyuma yako patakuwa na bendera…"

Akaishia hapo. Kicheko kilibaki usoni mwake bila sauti. Alikuwa anatazama kiungo cha maturubai, kisha picha ya Jumatatu aliyoishika mpelelezi, kisha msimamizi.

"Uliniambia alikuwa Kobe," alisema.

"Nini?" Msimamizi alianza kuvaa saa yake. "Mimi sikukwambia kitu."

"Jumapili saa saba ulikuja ukaniambia, 'Nenda kale taratibu, nakushikia geti.' Niliporudi kamba zimeguswa. Ukasema, 'Shemeji yako alipita, kasahau kitu chini ya turubai, nimemfungulia. Usimwandike, utamponza.'" Akaonyesha kiungo cha maturubai. "Kobe angefunika hivi? Kobe? Mimi nilikaa kibandani nikaogopa hata kwenda kuangalia. Ningeangalia ningejua palepale."

"Afande, huyu anamtetea nduguye, hiyo haihitaji elimu."

Mpelelezi alizunguka nyuma ya forklifti, akasimama mbele ya rundo lenye turubai la kijani. Katika ukingo mmoja wa turubai palionekana alama mpya za meno ya forklifti ardhini, zikiingia na kutoka.

"Mbao mpya umeziacha juani," alisema kwa sauti yake ndogo, "na za kuni umezivalisha turubai jipya. Koplo, fungua."

Paleti za nje zilikuwa chakavu kweli. Za ndani ziliwekwa kama kuta nne, na katikati ya kuta hizo shaba ikang'aa, mabunda kumi na mawili, yakiwa bado na karatasi za kiwanda. Tangu Jumanne asubuhi geti lilikuwa na askari, na hapakupatikana njia ya kuyatoa.

Msimamizi aliyatazama kana kwamba naye anayaona kwa mara ya kwanza. "Kumbe kuna tofauti," alisema, si kwa mtu yeyote. Koplo akamshika mkono.

*

Jioni, kabla taa hazijawashwa, Kobe alikaa kwenye benchi la kituo akingoja karatasi ya kuachiliwa itiwe sahihi. Kando yake kulikuwa na furushi la nguo safi alizoleta mkewe. Mke mwenyewe alikuwa nje, akimpigia simu kila mtu wa ukoo mmoja baada ya mwingine.

Mlinzi alitoka chumba cha maelezo. Alimwona Kobe, akabaki mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji."

"Shemeji."

Mpelelezi alikuwa kaunta anaandika. Hakuinua kichwa.

"Ulidhani ni mimi," mlinzi alisema.

"Na wewe ulidhani ni mimi."

"Nilidhani una shida usiyoweza kuisema. Wewe husemi kitu."

"Nami nilidhani hivyohivyo." Kobe alitazama mikono yake. "Siku tatu nimekuwa napanga nitakavyomwambia dada yako kwamba nimefungwa kwa ajili yako. Nikakosa neno la kuanzia."

Mpelelezi alikuja na karatasi, na juu yake picha ya Jumamosi.

"Hii itabaki kwenye jalada mpaka kesi iishe," alisema. "Nilitaka uione tu. Ndiyo iliyokutoa."

Kobe aliipokea kwa mikono miwili. "Na walinikatalia kwa nini?"

"Kidole chako kimeziba namba."

Kobe aliitazama picha, akalitazama dole gumba lake, akairudia tena picha. "Kumbe miaka yote ni hili," alisema.

Mlinzi alikuwa amesogea bila kujijua, akiinama juu ya bega lake bovu kuona.

"Hicho kiraka," alisema, na sauti ikampasuka katikati, "ni shati langu la lindo. Lile lililopotea kwenye kamba ya kuanikia. Nilimuuliza dada akaapa hajaliona."

"Alisema amepewa."

"Amepewa na nani?"

Kobe aliinua furushi la nguo, akaliweka magotini, akasogea hadi mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja ikabaki.